Kaimu kwa Misimu Ishirini na Saba: Margit Kovalik, 1944–2019

Marehemu Margit Kovalik alizaliwa Lorain, Ohio, tarehe 9 Machi 1944, mtoto wa pili wa mzee Antal Halasz wa kiwanda cha chuma na mama Piroska. Kaka yake, Gaspar, ndiye anayewasomea haya. Padre ametuomba tuwe wapole. Tutajitahidi mpaka tufike kwenye kazi.

Alisoma shule ya parokia, ambako walimgawia filimbi kwa kuwa eti ndiyo iliyowafaa wasichana. Akairudisha siku hiyohiyo, akachukua zumari iliyokuwa kabatini haina mwenyewe. Mwaka 1966 alihitimu chuo cha muziki huko Cleveland.

Mei 1976, orkestra moja kubwa ya simfoni ilitafuta mpiga zumari wa kwanza, yule ambaye wenzake wote husubiri sauti yake ndipo walinganishe vyombo vyao. Jina la orkestra hatulitaji. Wakubwa wake wapo hapa, safu ya tatu, wanajijua. Waombaji walipiga nyuma ya pazia, kila mtu kwa namba, ili asijulikane ni nani. Lakini Margit aliwajua watu hao: wakisikia tu viatu vya kike vinagonga sakafu, masikio yanaziba. Akavaa mabuti ya kiwandani ya Gaspar, akaingia kwa kishindo.

"Tumempata! Namba sita!" kondakta akasema alipomaliza. "Jamaa ana pumzi huyo! Mpeni kazi."

Pazia likavutwa. Kondakta akachungulia.

"Kumbe ni binti," akasema. "Basi akaimu kwanza, msimu mmoja, tumwone."

Msimu mmoja! Walimwona misimu ishirini na saba. Kila Mei aliingia ofisini kuomba neno "kaimu" lifutwe mbele ya jina lake, na kila Mei akajibiwa, "Mwakani, Margit, vuta subira." Makondakta wanne walikuja wakaondoka, na usiku wa kila onyesho orkestra ililinganisha vyombo kwa zumari yake. Alipostaafu mwaka 2003, nafasi alipewa kijana ambaye Margit mwenyewe alimfundisha. Huyo hakukaimu hata siku moja. Jamani, aibu gani hii!

Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Emil Kovalik, mwokaji mikate. Margit alizoea kuchonga mianzi ya mdomo wa zumari mezani jikoni, na siku moja Emil akakuta kibanzi ndani ya kabichi yake ya nyama.

"Mke wangu, leo tunakula orkestra?"

"Kula tu, baba Terez. Wenyewe wamenila miaka yote."

Mwaka 2016 mapafu yake yalianza kukakamaa. Ngazi tano za barazani zikawa safari. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Februari 2019, binti yake Terez akiwa amemshika mkono.

Jumanne barua ikafika. Bodi ya orkestra, kwa kauli moja, imempa marehemu cheo kamili cha Mpiga Zumari wa Kwanza, na inaomba kiandikwe kwenye jalada la kijitabu hiki. Gaspar alitaka kuichana palepale. Terez akamzuia.

"Usiichane, mjomba. Warudishie. Mama aliwaomba mara ishirini na saba, akiwa na masikio ya kusikia jibu."

Ndiyo maana jalada linasomeka "Kaimu". Barua yenu iko mezani pale mlangoni, mkitoka, ichukueni.

Emil alimtangulia mwaka 2011. Margit ameacha kaka mmoja, Gaspar. Binti mmoja, Terez. Na wajukuu wawili, Ilka na Denes, ambao bado wanauliza bibi alikosea nini.

Apumzike kwa amani Margit wetu. Ninyi wa safu ya tatu, sisi hatujawasamehe.