Inspekta, Meza Yake na Kitabu cha Heshima

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani na wasomaji, tunawaomba mkae, hata ninyi mliosimama huko nyuma, kwa kuwa historia hii ni ya mtu ambaye hakukaa, na anayewasomea kwa niaba ya familia ni mdogo wake wa pekee, ambaye amechoka kumfuata kwa macho tangu utotoni.

Marehemu kaka yetu, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Inspekta na mkiulizwa jina lake la kwenye cheti mtabaki kutazamana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa fundi wa mabehewa na mama aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa vizuri, jambo ambalo madaktari mlio hapa mtalikataa, lakini waliowahi kulala naye chumba kimoja wataliamini bila kiapo.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, na alikuwa darasa la sita, tarehe 2 Septemba 1963, wakati kaka yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alipotoka asubuhi na baiskeli ya baba kwenda kuziba pancha, akasema anarudi sasa hivi, na hadi leo hajarudi yeye wala baiskeli. Baba alitafuta hospitali, vituo vya polisi na karakana zote za reli mpaka akakata tamaa, lakini mama hakutafuta, yeye aliacha tu kufunga komeo la mlango, akawa anakula ameuelekea mlango, anapiga pasi ameuelekea mlango, na sisi wawili tuliobaki tukazoea kuongea na shavu lake.

Katika sekondari, aliyoimaliza Novemba 1969, marehemu aliandika insha juu ya wizi wa kengele ya shule, akaua watu watatu katika kurasa mbili, mwalimu wa lugha akaisoma mbele ya darasa, darasa likapiga kelele za kutaka iendelee, kisha mwalimu huyo huyo akampa sifuri, akamwambia kwamba hizo ni porojo za vijiweni na kwamba siku moja, akikua, aandike kitu cha heshima. Neno hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote, na nyumbani kwake, kama wanavyojua mkewe na mabinti zake, hapakuwa na kitabu kilichotajwa mara nyingi kuliko Kitabu cha Heshima, na kilikuwa hakijaandikwa.

Aliajiriwa kuwa karani wa mahakama tarehe 11 Januari 1971, akaifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu Machi 2011, na kutokana na kesi alizokuwa akizipokea kaunta alichapisha, kuanzia mwaka 1974, vitabu vyembamba vya Inspekta, mpelelezi wa kubuni aliyemwachia jina lake, vya jalada jekundu, vilivyouzwa kwenye vibanda vya magazeti, ambamo mhalifu hana pa kukimbilia na aliyepotea lazima apatikane kabla ya ukurasa wa tisini. Vilisomwa na vinyozi, wauguzi, madereva na walinzi, na hakimu mmoja, ambaye naona ameinamisha kichwa pale mbele, alikuwa akivisoma ndani ya faili la kesi, watu wakidhani anapitia ushahidi.

Vitabu hivyo aliviandika kwenye meza ya jikoni, amevaa fulana, mguu mmoja juu ya kiti, huku akimwambia mkewe apunguze moto chini ya sufuria, na kimoja hakikumchukua zaidi ya mwezi. Kitabu cha Heshima, kilichomhusu mama yetu na mlango wake, kilikuwa na meza yake ya mninga katika chumba cha nyuma, na kabla ya kukikaribia marehemu alioga, akavaa tai, akafunga mlango, na baada ya muda mfupi tukasikia meza ikiburutwa, kwa kuwa mwanga ulikuwa haufai, kesho yake inaburutwa tena kwa kuwa upepo haufai, na sakafu ya chumba kile mpaka leo ina michirizi utadhani wamefugwa ng'ombe. Aliponisomea ukurasa wa kwanza nilimwambia wazi kwamba mama wa kwenye karatasi anaongea kama anahutubia mkutano, na mama yetu maneno yake yalikuwa kula, oga, lala, naye alininunia karibu mwaka mzima, kisha akauchana ukurasa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977 na mke wake mpendwa, fundi cherehani, ambaye alikutana naye kwa ugomvi, kwa kuwa katika kitabu cha nne Inspekta alikuwa na mchumba fundi cherehani na marehemu akamuua kwa sumu, na wifi yangu, aliyekuwa msomaji tu, alikwenda mpaka kaunta ya mahakama na kitabu mkononi kuuliza yule dada alimkosea nini. Alirudi mara ya pili, akarudi ya tatu, na posa ilipopelekwa alitoa sharti moja tu, kwamba mchumba afufuliwe, ndiyo maana katika kitabu cha sita daktari anagundua kwamba sumu ilikuwa hafifu.

Mungu aliwajalia mabinti wawili, mkubwa aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1979, ambaye ni mhadhiri wa fasihi, na mdogo, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1983, ambaye ni fundi umeme na hajawahi kusoma kitabu kisicho na jalada jekundu, na mabishano yao mezani mmoja akiuliza maisha gani haya ambayo kila kosa linapata jibu, na mwingine akijibu kwamba yeye maisha yasiyo na majibu anayo tayari bure, baba yao aliyasikiliza amesimama, sahani mkononi, bila kupata upande wa kukaa. Mhadhiri aliniruhusu niseme kwamba kwa miaka mingi hakuwaambia wenzake kazini baba yake ni nani, na kwamba baba yake alilijua hilo, akawa anampigia simu ofisini na kujitambulisha kama karani.

Mama alifariki mwaka 1981, komeo likiwa wazi, na mwaka 1988 likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea kwa kaka yangu peke yake. Kurasa za Kitabu cha Heshima hazikuwa na namba, kwa kuwa kila akihamisha meza alibadilisha pia mpangilio wa sura, na siku moja, akiiburuta meza hiyo kuipeleka jikoni kwa haraka, karatasi zikamwagika, akazizoa, na kurasa nane za mama zikaingia katika bahasha ya Inspekta iliyokuwa inaelekea kwa mchapaji, na mpanga chapa, ambaye ni mtu mwaminifu na yuko hapa, alizipachika pale alipoona panafaa. Kitabu kikatoka, Inspekta yuko mbioni kumkamata mwizi wa dhahabu, na ghafla, kurasa nane nzima, kuna mwanamke anapiga pasi ameuelekea mlango usiofungwa, anamngoja mtoto aliyekwenda kuziba pancha, kisha mbio zinaendelea.

Marehemu alilia kwa hasira, akataka nakala zote zirudishwe, lakini zilikuwa zimekwisha, na wasomaji hawakulalamika hata mmoja, walichofanya ni kumsimamisha kaunta, kinyozi kwanza, halafu muuguzi, halafu mlinzi wa lango, wote wakiuliza swali moja, "Inspekta, yule kijana wa yule mama ulimpata?" Binti mkubwa, alipokuja kukua na kukuta wanafunzi wake wanapeana nakala iliyochakaa, alirudi nayo nyumbani na kumuuliza kama yule mama ni bibi, na baba yake akamjibu, "Muulize mpanga chapa."

Tangu hapo hakuwa na raha kabisa, roho ilikuwa juu, kwa sababu Inspekta lazima ampate mtu na kaka yetu mkubwa hakupatikana, na kila alipoandika kwamba amepatikana alijiona mwongo, na kila alipoacha bila jibu aliona uso wa kinyozi. Vitabu vyekundu vilikoma mwaka 1996, tai ikaliwa na nondo, na meza ya mninga ikazunguka nyumba nzima, ikafika hadi bafuni, mwisho ikatua jikoni.

Aliugua moyo kuanzia Oktoba 2022, akalazwa mara ya mwisho tarehe 27 Mei 2024, akawa anawasumbua wauguzi wamgeuzie kitanda, leo kwenye dirisha, kesho kwenye ukuta, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva mstaafu, alipomtambua na kumuuliza swali lile lile la yule kijana. Jioni hiyo alimwita mkewe achukue kalamu, akasimulia bila tai, amevaa fulana, na tarehe 11 Juni 2024, saa moja asubuhi, akafariki dunia usingizini, akiwa na miaka sabini na mitatu, ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa kukigeuza kile kitanda bila kuchoka, majirani mliovumilia meza kuburutwa, makarani na mahakimu, mchapaji na mpanga chapa wake, na kwa namna ya pekee dereva wa kitanda cha jirani, aliyeruhusiwa jana na kuja hapa na fimbo yake, naye alistahili jibu, kwa hiyo tutalisoma kama alivyoliacha marehemu. Inspekta anafika, hagongi, kwa kuwa mlango uko wazi, anavua kofia, anamwambia mama kwamba ametafuta kila mahali na mtoto hakumpata. Mama anaweka pasi chini, anageuka, anamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na anamwambia, "Basi kaa wewe, mwanangu, umetembea sana."

Kaka, meza tumeiacha jikoni ulipoiacha na hakuna atakayeigusa. Kaa sasa, upumzike kwa amani.