Gorret Biira, Mwalimu wa Mambo ya Kale, na Homa Iliyotutisha

Marehemu Gorret Biira alizaliwa Rukoki tarehe 14 Aprili 1987, binti wa Mama Yunia na hayati Mzee Yowasi. Mimi ninayewasomea wasifu huu ni kaka yake, Nobert Mumbere.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Rukoki na sekondari mjini Kasese, kisha akaenda Kampala kusomea akiolojia, yaani elimu ya kuwajua watu wa zamani kwa vitu walivyoviacha ardhini. Alianza mapema. Akiwa mdogo, jembe lake lilifukua kigae cha chungu kwenye maharage, akaacha kulima. Mama alipomgombeza, aliuliza, “Mama, huyu alikuwa anapika nini?”

Mwaka 2012 alianza kufundisha historia hapa Bwera. Jumamosi aliwafundisha akiolojia wakulima na wachuuzi ambao hawakuwahi kuisikia. Aliwaambia: ukiona kitu, usiking'oe. Kwangua polepole kwa mwiko wa fundi, tazama udongo uliokizunguka, kipige picha, pima kina chake. Kikishatoka mahali pake, kimepoteza nusu ya maneno yake.

Tarehe 5 Desemba 2015 alifunga ndoa na Bwana Kakuru, mfanyabiashara wa chumvi wa Kabatoro, ambaye hulalamika kwamba nyumbani kwao ndoo za vigae zilizidi za maji.

Agosti mwaka huu, mkulima aliyekuwa akichimba mashimo ya kahawa alikuta fuvu la mtu. Wanafunzi wa Jumamosi walikimbia.

“Hata mimi naogopa,” Gorret aliwaita. “Lakini huyu mutu iko na wenyewe. Tumuangalie polepole.”

Aliifukua mifupa, akaichora, akairudisha mbele ya wazee wa ukoo, na sala ikasomwa.

Septemba alishikwa na homa, akatapika damu. Hapa mpakani na Kongo, habari hiyo inatosha kufunga maduka. Wahudumu walikuja wamejifunika hata macho hatukuyaona, wakampeleka hospitali. Wengine walisema kaburi limemfuata. Wengine walinong'ona juu ya ugonjwa ule tusiopenda kuutaja. Kakuru na watoto waliambiwa wasitoke ndani. Jirani aliwawekea chakula juu ya jiwe, akakimbia.

Mama Yunia alikwenda hospitali. Muuguzi akamzuia: “Mama, usiingie. Majibu bado.”

“Mimi nilimuzaa. Munivalishe hizo nguo.”

Wakamvalisha. Gorret alipoona kinyago kile kinamkaribia alijivuta ukutani, mpaka aliposikia sauti: “Biira, ni mama.” Akampa mkono.

Alifariki alfajiri ya tarehe 12 Septemba 2025. Majibu yalifika jioni yake: malaria kali, iliyoharibu figo. Ugonjwa ule haukuwamo.

Ameacha mume wake, Mama Yunia, mimi kaka yake, na watoto wawili, Resty na Ankunda. Watoto wamekaa hapa mbele, na viti vyote vinavyowazunguka ni vitupu. Ninyi mliosimama kule barabarani, hatuwalaumu. Hata sisi tumeogopa. Daktari amekwisha kuwaeleza. Basi sogeeni, mkae nao.

Biira, Mungu akupe amani ambayo wiki hii sisi hatukuwa nayo.