Goti la Fundi Mjusi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, nimeombwa nisome kwa ufupi, na kama kaka anatusikia huko aliko, najua anacheka, kwa sababu tangu utotoni aliniita redio.

Kaka yetu, fundi vigae mliyemzoea kwa jina la Mjusi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mwashi na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, akafunzwa kazi na baba, na haikuchukua muda wateja wakawa wanamtaka mwana na kumruka baba, mzee akanuna, moyoni akijivuna.

Tarehe 9 Agosti 1996 alianguka na pikipiki, mfupa wa muundi ukavunjika, akapasuliwa na kuwekewa chuma kilichopitishwa gotini, mfupa ukaunga vizuri kabisa, lakini goti, jamani, goti likagoma, kutembea anatembea, ila akipiga magoti tu machozi yanamtoka, na fundi vigae asiyeweza kupiga magoti atakula nini? Wapo waliosema anadeka, niligombana nao, na wengine mmekaa hapa.

Alikwenda kwa mshonaji wa mtaa wa pili amshonee mto wa goti, ukashindwa, akarudi kushonewa mwingine, nao ukashindwa, akarudi tena na tena hadi tukashtuka kwamba mito ile ni kisingizio, na tarehe 5 Desemba 1998 wakafunga ndoa. Mwaka uliofuata chuma kilitolewa, daktari akamwambia wazi kwamba maumivu huenda yakabaki, na kweli yalipungua bila kwisha, ndipo wifi yangu akamshonea kigodoro cha kifuani, akawa anapanga vigae amelala kifudifudi kama mjusi, jina likamganda, mteja wa kwanza akapiga yowe akidhani fundi amezimia.

Walijaliwa binti mmoja, tarehe 20 Februari 2001, aliyerithi kazi, na baba yake hakuacha kumfokea avae kinga za magoti.

Aprili mwaka huu wa 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na wodini alihangaikia jiko la mteja aliloliacha nusu, binti akalimaliza, akamletea picha kwenye simu, naye akaikuza, akatafuta kosa kila kona, akakosa, akawatangazia wauguzi kwamba kuanzia siku hiyo fundi ni huyu, yeye ni msaidizi tu. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliombebea saruji miaka yote bila kununa. Kaka yangu, nakupenda sana, kazi iko mikononi mwa fundi, pumzika kwa amani.