Nililolifunda Nitalifumua: Kumbukumbu ya Bi Mwaija Bwanausi

Kitu cha kwanza alichokitambua kilikuwa harufu. Bi Mwaija Bwanausi alifungua kasha la vipimo, akanusa. Udi. Kasha zima lilinukia udi kama sanduku la bibi harusi.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Mwaija. Alifariki Ijumaa iliyopita nyumbani kwake Magomeni, hapahapa Bagamoyo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyomchukua. Tunaitaja kwa jina, maana yeye aliitaja kwa jina.

Bi Mwaija alikuwa somo. Msichana akivunja ungo, alipelekwa kwake akafundwe mambo ya utu uzima. Wanawake wengi, kuanzia mjini hadi Makurunge, wamekaa kwenye mkeka wake. Na funzo lake la kwanza lilikuwa usafi. Mwanamke haendi mbele ya mtu mpaka ajisafishe, ajifukize, anukie.

Alipoanza kutokwa na damu, umri wa hedhi ulikuwa umeshapita. Akanyamaza. Alipofika hospitali Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Binti yake, Sabiha, anakumbuka alichosema ndani ya basi wakirudi.

"Daktari kasema huanza na kirusi. Papiloma. Hukaa mwilini miaka na miaka, hakiumi wala hakiwashi. Kwangu muda umeshapita, Sabiha. Kwa wari wangu bado."

Basi akaanza kazi.

Wakati huo kampuni moja inayotengeneza vipimo vya kirusi hicho ilikuwa imeleta mashine kwa majaribio. Mwanamke anaingia faraghani, anajichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, anakitia kwenye kichupa. Mashine inasoma kama kirusi kipo. Bi Mwaija aliwaita wanawake wa Makurunge, nao wakaja wengi, kwa kuwa aliyewaita ni somo yao.

Lakini majibu hayakuja. Aliyekuja ni Mikdad, fundi wa maabara, amebeba kasha la sampuli zilizokusanywa asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Sampuli za mwanzo karibu zote hazisomeki. Kampuni inasema zikiharibika tena, mashine itahamishiwa mkoa mwingine."

Hapo ndipo Bi Mwaija alipofungua kasha, akasikia ile harufu. Mikono ya wanawake ilinukia udi, na vichupa walivyovishika vikanukia. Akaelewa. Waliambiwa wanakwenda kupimwa, nao wakafanya kama walivyofundwa. Wamejiosha hadi ndani, wamejifukiza, ndipo wakachukua kijiti. Kile mashine ilichokuwa inakitafuta kilikuwa kimeshakwenda na maji.

"Mashine yako nzima, Mikdad," alisema. "Mimi ndiye niliyewafunda vizuri mno."

Siku hizo hali yake ilikuwa mbaya. Kukaa wima hawezi. Sabiha alimsihi, "Mama, pumzika. Tutawatumia ujumbe."

"Nililolifunda kwa mdomo wangu, nitalifumua kwa mdomo wangu."

Akapanda bajaji, akajilaza ubavu juu ya mto, akaenda Makurunge.

Wanawake walijaa barazani, naye akaanza kuwaambia wasijioshe ndani wala kujifukiza kabla ya kupimwa. Nunu, mwenye maneno kuliko wote, hakumngoja amalize.

"Somo! Wewe ndiye uliyetufundisha mtu haendi kwa mtu bila kunukia. Leo unatuambia tuje na jasho la shamba?"

"Njooni nalo! Mashine haiposi!"

Baraza zima likacheka.

"Na mume je, somo?"

"Mume mfukizieni jioni. Asubuhi ni ya mashine."

Walipotulia, akajifunua mtandio. "Niangalieni nilivyokonda. Huu si uzee. Nilijisafisha maisha yangu yote, na sikupimwa hata siku moja."

Wakaanza kupokea vijiti.

Mlangoni pa chumba cha kuchukulia sampuli alisimama mwanamke mmoja kijana. Ameshika kijiti, mguu haumwendi. Bi Mwaija alimwita karibu, akamnong'oneza, "Unaona haya? Ingia na haya yako. Hayamzuii mtu kupimwa."

Akaingia.

Safari hii sampuli zilisomeka. Wengi walikuwa salama. Wachache walikutwa na kirusi, wakachunguzwa, na waliohitaji tiba wakatibiwa mapema, wakarudi makwao siku hiyohiyo. Mashine haikuhamishwa. Nasema tena: mashine haikuhamishwa.

Ikaja zamu ya chanjo kwa wasichana. Watu wakanong'ona kwamba inafunga kizazi. Bi Mwaija alimshika mkono mjukuu wake, Kholood, akampeleka mbele ya wote. "Kinachofunga kizazi ni kaburi," alisema. "Mchome, nesi."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Sabiha, Kholood na ukoo wote wa Bwanausi. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwaija, ailaze roho yake pema. Nasi tuliobaki tujiulize: ni lipi tulilofundisha kwa mapenzi, ambalo leo linataka kufumuliwa? Na mwenye binti wa kuchanjwa, amngojee nani tena?

Limebaki neno moja. Yule mwanamke wa mlangoni alikutwa na kirusi. Alitibiwa. Alipita mbele ya nyumba ya somo yake mara nyingi, shukrani mdomoni, haya yakamshinda.

Sauti mnayoisikia ni yake.

Somo yangu, niliingia na haya yangu. Nimepona. Ahsante.