Vidonge Vilivyonifunika Akili

Bwana asifiwe! Asifiwe na Kakuma, asifiwe na Lodwar, asifiwe na mimi niliyefika mahali pa kusahau hata jina lake.

Ndugu zangu, mnanijua. Shule niliacha mapema, lakini soko la mbuzi la Kakuma ni mimi. Lori nilinunua mwenyewe, hakuna baba aliyeniachia. Mbuzi nikimwona mara moja, mchanganye na wa watu wengine, nitamtoa.

Kisha nikashikwa na skizofrenia. Nilisikia watu wasiokuwepo wakinitukana. Sindano ya kliniki iliwanyamazisha. Lakini mikono ikatetemeka, nikapewa kidonge. Usingizi ukapotea, kidonge. Ngozi ikawasha, kidonge. Kila mahali wanaongeza, hakuna anayetoa. Miaka ikapita, akili ikawa kama macho yaliyojaa vumbi. Mke wangu Akiru akianza hadithi, mwisho wake sifiki; akinitania, simjibu. Nikasema basi, ugonjwa umeshinda.

Siku moja sokoni nikapakia mbuzi wa mtu kwenye lori nikidhani ni wangu. Vijana wakachukua fimbo. Mchinjaji mmoja Mkongomani akasimama mbele yao: "Muache huyu papa, huyu mzee. Si mwizi, akili ndiyo iliisha."

Ndugu zangu, heri wangenipiga! Mimi, kuhurumiwa katika soko langu! Nilimwomba Mungu anichukue.

Akiru alikusanya dawa zote kwenye mfuko, akanipeleka Lodwar. Daktari, mama mpole, akazimwaga mezani.

"Mzee, sindano utaendelea nayo, ndiyo inazuia zile sauti. Lakini hiki cha kutetemeka kilikuwa cha muda. Mbona bado unameza?"

Nikamwambia hakuna aliyeniambia niache. Akasema hicho, pamoja na kile cha kuwasha, vinaweza kufunika akili. Akavipunguza polepole, akiniita kila mara atazame mikono.

Nilingoja bila tumaini. Asubuhi moja Akiru akanitania: "Baba Ekai, hata ngamia anatafuna haraka kuliko wewe."

"Ngamia hajapikiwa na wewe."

Akaketi chini, akalia.

Namshukuru Mungu! Lakini sitawadanganya, miaka ile haijarudi. Mama yangu alizikwa nikiwa ndani ya vumbi lile. Wanasema nilikuwepo, nilishika koleo. Sikumbuki. Naenda kaburini kwake kama mgeni.

Wewe uliye na mgonjwa, usimkatize dawa kwa kichwa chako. Mpeleke kwa daktari nazo zote, uulize kila moja ni ya nini. Mwamini Mungu, na umwongeleshe hata asipojibu. Mimi nilikuwa ndani.