Ider Alikufa Saa Ngapi?

Benchi la mgahawa wa Hamu liko pale barabara ya lami inapoishia, mwisho wa mji wa Mhamidi. Ukipita hapo ni mchanga tu mpaka Aljeria. Kila alasiri hukaa hapo wazee watatu wasioachana: Rubani, aliyeendesha malori maisha yake yote na hajawahi kupanda ndege, Hakimu, aliyekuwa akifagia mahakama kule Zagora, na Basu, ambaye hakuhitaji jina la utani, kwani mji mzima ulimjua kuwa ndiye aliyetoka jangwani. Miaka ishirini na miwili iliyopita, gari la unga walilokuwa nalo yeye na rafiki yake Ider lilikatika ekseli katikati ya tufani ya mchanga. Basu aliokotwa siku ya nane. Ider hakurudi. Sasa watu wa sinema walikuwa wamekuja kutoka Kasablanka kuitengeneza hadithi hiyo, na mahema yao meupe yalionekana kutoka pale benchini.

— Lazima wamwonyeshe akinywa mkojo wa ngamia, alisema Rubani. Huwezi kumaliza siku nane bila hilo.

— Ngamia gani? Hakimu akang'aka. Si walikuwa na gari!

— Ngamia aliyepotea. Jangwani hawakosekani.

— Acha kamba, bwana. Mimi nasema ni jini. Kuna kisima kikavu kule jangwani, kina jini wa kike. Alimwona Basu, akampenda, akamnywesha.

— Akampenda Basu? Na pua ile?

Wakacheka. Basu naye akacheka kidogo, akakoroga kahawa isiyo na sukari. Alikuwa amezoea. Hadithi yake ilishakuwa mali ya benchi. Kila mtu aliongeza chake, naye hakukanusha hata kimoja. Alichowahi kusema yeye mwenyewe kilikuwa kifupi: siku ya nne Ider alifia mikononi mwangu, nikamzika, nikaendelea. Watu walikwenda kulitafuta kaburi mara tatu wasilione. Wakasema mchanga umelifunika.

Ndipo akaja kijana mmoja kutoka mahemani. Midomo yake ilikuwa imechorwa mipasuko na damu iliyokauka, hata Rubani akasahau alichokuwa anasema.

— Salaam alaykum, wazee wangu. Naitwa Anir. Ndimi ninayemwigiza Ider.

— Karibu, marehemu, akasema Rubani, kisha akajuta.

— Ami Basu, nina swali dogo tu. Kesho tunapiga picha za kufa kwake. Mwongozaji anataka jua liwe linazama, anapenda ile rangi. Mimi nataka nife alivyokufa mwenyewe. Ilikuwa asubuhi au jioni?

— Jioni, akadakia Hakimu. Ider hakuwahi kufanya jambo lolote asubuhi.

— Mchana! akapinga Rubani. Jua la utosi ndilo linaloua.

— Wewe ulikuwepo?

— Kwani wewe ulikuwepo?

— Basi mwacheni mwenyewe aseme, Anir akawakatiza.

Basu akafungua kinywa aseme jioni. Lilikuwa neno jepesi. Lakini macho yake yaliangukia ile midomo ya kijana, na neno halikutoka.

— Sijui, akasema.

— Hujui vipi? akashangaa Rubani. Si alifia mikononi mwako?

— Hakufia mikononi mwangu. Alivunjika kifundo cha mguu, akawa hawezi kusimama. Nilimwacha chini ya mgunga, yu hai, nikachukua galoni la maji, nikamwachia nusu birika. Akanituma nikalete watu. Waliponiokota sikulijua hata jina langu. Nilipopata akili, siku kumi zilikuwa zimepita. Nikaona aibu kusema nilimwacha. Nikasema nimemzika.

Hamu, aliyekuwa akipanga vikombe mlangoni, aliacha. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Basi kesho sifi, Anir akasema polepole. Nitamwambia mwongozaji.

— Na Tuda? akauliza Rubani. Mjane wake anajua?

— Hajui.

— Basu, ndugu yangu, akasema Hakimu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Benchi hili halina mlango. Kabla ya magharibi atakuwa amesikia. Nenda akusikie wewe.

Basu alimkuta Tuda uani kwake, akichambua tende kwenye sinia. Alimwambia akiwa amesimama, bila kuzunguka, kama alivyowaambia wenzake. Mikono ya Tuda ilitulia juu ya tende.

— Alisema nini wakati unaondoka?

— Alisema nisigeuke nyuma, nisije nikashindwa kwenda. Niligeuka mara moja, nilipofika juu ya tuta. Alikuwa ameinua mkono.

— Anakuaga au anakuita?

Basu akaitazama sinia.

— Nakuuliza, Basu. Kiganja kilielekea wapi?

— Nilikuwa mbali, Tuda, na jua lilikuwa machoni. Nimeutazama mkono ule miaka yote hii. Sijui.

— Mimi nimemwombea mtu aliyefia mikononi mwa rafiki yake. Nilikuwa napata usingizi kwa hilo.

— Najua.

— Hujui.

Basu akangoja afukuzwe. Aliona anastahili. Tuda akasogeza sinia pembeni, akajivuta, mkeka ukabaki na nafasi ya mtu mmoja.

— Keti, akasema. Anza tena, tangu mlipopakia unga. Na safari hii usimzike.

Basu akavua viatu, akaketi, akaanza.