Mwalimu Bajabulile na Blanketi la Mchana

Waombolezaji, majirani na walimu, ketini vizuri, historia hii itakwenda moja kwa moja, kwa sababu marehemu hakupenda hadithi inayozungukazunguka mlangoni bila kuingia.

Bajabulile Mchunu, ambaye sisi tulimwita MaSithole kwa ukoo wa baba yake, alizaliwa Nquthu tarehe 3 Mei 1959, mtoto wa nne, mwenye sauti kubwa kuliko watatu waliomtangulia, akasoma hapo hapo, akahitimu ualimu mwaka 1980, na tarehe 12 Desemba 1981 akaolewa na Mfanafuthi Mchunu, siku ambayo alimpa mama mkwe wake, MaDladla, mkeka na blanketi jekundu kama desturi itakavyo, wakajaliwa Sizakele na Mandlenkosi, ambao mnawaona hapa, wamenona.

Mwaka 1983 alipewa darasa la tatu afundishe hadithi, na kazi ikataka kumshinda, maana kwetu kila mtoto anajua kwamba anayesimulia mchana huota pembe, basi alipouliza nani ataanza, darasa zima lilishika vichwa, na mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa kuamua kama atabaki kazini, naye MaDladla akamwambia, "Mkwe, ukirudi na pembe usipite mlango wangu, utaukwaruza."

Ijumaa hiyo MaSithole alibeba mablanketi yote ya nyumba ya MaDladla, ruhusa hakuomba, akayatundika madirishani hata darasa likawa usiku, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na jogoo akiwika?" akajibiwa, "Jogoo hana blanketi, shauri yake," wakacheka, wakaanza kusimulia, mkaguzi akipapasa gizani kutafuta kiti, naye MaSithole akawaonyesha watoto kwamba hadithi ina watu wake, ina mahali, ina shida inayowakaba koo na ina pa kutokea, na kwamba za sungura si sawa na za mazimwi, wala za mazimwi si sawa na za wafalme.

Katikati ya somo MaDladla aliingia kudai blanketi lake, akakuta mtoto anayesimulia ameshaliua zimwi, akasema, "Zimwi halijala hata mbuzi, mmeliua, sasa shida iko wapi?" akaketi, akasimulia mpaka kengele, na tangu hapo akawa anakuja kila Ijumaa na blanketi lake begani, hadi alipofariki mwaka 2001, naye mkaguzi alimpitisha MaSithole, ila alipokuwa akitoka alionekana akijipapasa kichwa.

MaSithole alistaafu mwaka 2019, figo zikamshika Machi 2023, na hata wodini alisimulia mchana, pazia likishavutwa, hadi asubuhi ya tarehe 8 Juni 2024 alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mapazia yale, majirani kwa kuni na vyungu, na walimu wenzake kwa kumbeba hadi hapa.

Jeneza lake, kama mnavyoliona, limefunikwa kwa blanketi jekundu la MaDladla, kwa hiyo kwake sasa ni usiku, na anayetaka kumsimulia chochote kabla hatujamzika, asiogope, kichwa chake kitabaki salama.

MaSithole, pumzika kwa amani.